Chale za wazee wetu



Leo sitaongea juu ya mabati wala mbegu. Naongea juu ya chale. Wengi wenu mlirudi kwa meli za Kigoma kuja Baraka, zilizoanza mwaka 2005. Nyumba na karatasi zilibaki kwenye vita, lakini wazee walirudi na alama zao mwilini.

Tuangalie jirani zetu Watabwa wa Moba, kwenye ziwa hili hili. Walikuwa na chale za pembetatu zilizoitwa balamwezi, yaani kuandama kwa mwezi mpya. Leo chale za Watabwa unazikuta kwenye sanamu za mbao huko Tervuren, Ubelgiji. Moja ni ya chifu Lusinga, iliyochukuliwa baada ya watu wa Mbelgiji Storms kumuua mwaka 1884. Je, na wajukuu wenu wasafiri Ulaya ndipo wajue?

Sisemi vijana wachanjwe. Wembe mmoja kwa watu wengi unaleta ukimwi. Nasema kila familia ikae na mzee wake, ichore alama zake kwenye daftari, iandike jina na maana. Mzee akikataa, basi, mwili ni wake. Wafadhili, tunaomba madaftari na kalamu tu.

Lakini chale zisiwe kipimo cha kusema nani mwenyeji, nani mgeni. Hapa kwetu swali hilo limeshaua watu. Daftari likitumika hivyo, heri tulichome moto.