Mjusi Si wa Kufungiwa Kwenye Kopo

Wiki hii tumzungumzie kiumbe ambaye wengi wetu humfukuza kwa ufagio akiingia ndani. Namzungumzia mjusi. Usicheke, maana jambo lenyewe lina uzito wake.

Hapa Bariadi, na katika miji mingine ya mkoa wetu wa Simiyu, si ajabu siku ya Jumamosi kukutana na watoto wameshika kopo la maziwa au chupa ya plastiki iliyokatwa kichwa. Ndani yake yumo mjusi mchanga waliyemkamata kwenye mawe. Wamemwekea majani na punje za wali, na ukiwauliza watakwambia wanafuga. Baada ya siku chache kopo linatupwa jalalani, na mjusi humo humo.

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya watoto. Mimi nasema yanatuhusu sisi wazazi. Mtoto yule hana ubaya wowote, tena huenda ndiye bwana mifugo wetu wa kesho. Anachokosa ni mtu wa kumweleza kwa nini mjusi wake amekufa. Basi leo tumweleze.

Mjusi anayekamatwa sana ni yule wa majabali, ambaye dume lake lina kichwa na mabega mekundu na mwili wa bluu. Wataalamu walimpa jina la Agama mwanzae mwaka 1923, yaani walimwita kwa jina la jirani zetu wa Mwanza. Jike na watoto wana rangi ya kahawia inayofanana na jiwe. Hana sumu, wala hana neno na mtu.

Mtoto wa mjusi hanyonyi wala haletewi chakula. Mama yake hufukua shimo, hutaga mayai, huyafukia na kwenda zake. Mtoto akianguliwa hujitafutia mwenyewe tangu siku ya kwanza. Chakula chake ni sisimizi, mchwa, panzi wadogo na mbawakavu. Hutambua chakula kwa kuona kinachotembea. Punje ya wali iliyotulia chini ya kopo, kwake ni sawa na kokoto. Kwa hiyo mjusi yule hufa njaa huku amezungukwa na wali.

Hata ukimpa wadudu, wana kipimo. Wanaofuga kwa ujuzi hutoa mdudu asiyezidi upana uliopo kati ya macho mawili ya mjusi, kwani mdudu mkubwa humdhuru tumboni. Tena mchanga hulishwa kila siku. Sasa sisi tuko katika mkoa wa pamba. Panzi wa shamba lililopigwa dawa juzi amebeba sumu, na mjusi akimla anakula sumu hiyo hiyo.

Suala la nyumba ndilo gumu zaidi. Mwili wa mjusi hautengenezi joto la kutosha kama wetu. Asubuhi huota jua ili aweze kukimbia na kusaga chakula tumboni, na jua likizidi hukimbilia ufa wa jiwe. Anahitaji upande wa kuotea wenye nyuzi joto kama 35 hadi 40, na upande wa kivuli wenye nyuzi kama 25, achague mwenyewe. Kopo halina pande mbili. Ukiliweka kivulini anapoa, chakula kinamlalia tumboni. Ukiliweka juani anaiva.

Je, chupa ya kioo dirishani? Nayo haifai. Katika mwanga wa jua mna miale isiyoonekana kwa macho, ambayo huuwezesha mwili wake kutengeneza vitamini D, na bila vitamini hiyo kalsiamu haiingii kwenye mifupa. Kioo cha dirisha huizuia miale hiyo. Mjusi mchanga akiikosa, taya hulainika, miguu hupinda, na mwisho hawezi hata kusimama. Ndiyo maana wafugaji wa Ulaya na Marekani hununua taa maalumu na unga wa kalsiamu wa kunyunyizia wadudu. Yote hayo ni kuiga jua na jabali, vitu ambavyo mjusi wa Simiyu anavipata bure.

Nimetaja Ulaya na Marekani kwa sababu huko mjusi wetu huyu huuzwa madukani. Wanamfananisha na Spider-Man, yule wa sinema, kwa ajili ya rangi zake. Na hapo ndipo kopo la mtoto linapokutana na biashara ya watu wazima. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori, Namba 5 ya mwaka 2009, inataka kibali kwa anayekamata mnyamapori. Mwaka 2016 Serikali ilipiga marufuku usafirishaji wa wanyama hai kwenda nje. Juni 2022 wafanyabiashara waliruhusiwa miezi sita wawaondoe wanyama waliobaki mabandani mwao, lakini ruhusa hiyo ilisitishwa mara moja. Hebu fikiri, miaka sita baada ya marufuku bado kulikuwa na wanyama mabandani, na kila mmoja anataka kula.

Mtu atasema, mijusi ni wengi, watakwisha lini? Tuwaulize wa Morogoro. Katika msitu mdogo wa Kimboza kuna mjusi mdogo wa rangi ya samawati ya kung'aa. Kati ya mwisho wa 2004 na katikati ya 2009, kundi moja tu la wakamataji lilikadiriwa kuchukua zaidi ya 30,000, na miti wanamoishi ikakatwa ili wafikiwe. Mwaka 2016 mkutano wa mataifa huko Johannesburg uliamua biashara ya mijusi hao wa porini ikomeshwe. Nao walikuwa wengi.

Basi mtoto apigwe kwa sababu ya mjusi? Hapana. Usukuma si mgeni wa wanyama watambaao. Bayeye, wale wacheza nyoka wetu, wamesifika kwa kuwajua nyoka na dawa ya kuumwa na nyoka. Ujuzi wa namna hiyo hupatikana kwa kumtazama mnyama muda mrefu. Mwanao mpeleke kwenye jabali asubuhi, akae kimya na daftari. Ahesabu madume mangapi yana rangi, yanatikisaje kichwa yakionana, wachanga wanakula nini. Siku moja ya hivyo itamfundisha kuliko makopo kumi.

Na ukitaka mijusi nyumbani, usiwafungie, wakaribishe. Acha rundo la mawe penye jua pembeni ya uwanja. Punguza dawa za kupuliza wadudu. Weka kisahani cha maji chenye jiwe ndani, ili mchanga akitumbukia aweze kutoka. Watakuja wenyewe, watakula mchwa na sisimizi wako, na hawatakudai mshahara. Kama mtoto amekwisha kumkamata mmoja, amrudishe leo leo pale pale alipomtoa, kisha anawe mikono kwa sabuni, kwani mijusi hubeba vijidudu vya kuharisha.

Wahenga walisema, ukipenda boga penda na ua lake. Anayempenda mjusi na apende na jabali lake. Tukiyapasua majabali yote kuwa kokoto, na mijusi tukiwatia makoponi, watoto wetu watabaki kumwona mjusi wa Mwanza kwenye picha zilizopigwa Ulaya.