Bati Jipya, Bati Bovu: Mipaka ya Kulinganisha Nyumba kwa Takwimu



Mdadisi akishakaribishwa, karibu kila jambo huuliza. Sakafu, paa na kuta hutazama mwenyewe na kujaza. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2022 katika utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa afya ya uzazi na mtoto na viashiria vya malaria, na Kenya nayo ilifanya wake mwaka huohuo. Kwa kuwa madodoso hayo yana asili moja, Kilimanjaro inaweza kuwekwa pembeni ya Taita-Taveta ya Kenya. Faida yake si ndogo. Mwaka 2019, katika jarida la Nature, Lucy Tusting na wenzake walizikusanya tafiti za namna hii, wakakadiria kwamba makazi bora Afrika kusini ya Sahara yalipanda kutoka asilimia 11 mwaka 2000 hadi 23 mwaka 2015. Nyumba bora kwao ilikuwa yenye maji na choo salama, nafasi ya kutosha na ujenzi wa kudumu.

Mimi hilo la mwisho ndilo linalonisumbua. Katika orodha ya kawaida ya tafiti hizi, ukuta wa mbao huwekwa daraja la juu pamoja na tofali za saruji, lakini sakafu ya mbao hushushwa daraja moja pamoja na mianzi. Yeyote aliyelala Machame, Kilimanjaro, mwezi wa Julai, upepo ukipenya katikati ya mbao za ukuta, angezipanga kinyume. Paa nalo likiwa la bati ni bati tu: lililoezekwa jana na lililotobolewa na kutu hupata alama ileile.

Ulaya hawaulizi hivyo. Utafiti wa Umoja wa Ulaya wa kipato na hali ya maisha humuuliza mwenye kaya kama paa linavuja, kama kuta zina unyevu, kama fremu za madirisha zimeoza. Wao wanapima nyumba inavyomsitiri mtu, sisi tunapima vifaa vilivyoijenga. Jedwali linaloweka Tanzania na Ureno safu moja linalinganisha vitu viwili tofauti, hata likipambwa kwa rangi gani.

Kuna jambo jingine, na hili ni la kwetu Kilimanjaro hasa. Panda barabara yoyote ya mlimani utaona nyumba kubwa za vigae zilizofungwa makufuli katikati ya migomba, zikimngoja mwenyewe aje Krismasi kutoka Dar es Salaam. Kizio cha utafiti ni kaya, na nyumba isiyolala mtu haina kaya. Mdadisi aliyepita kati ya Februari na Julai atamkuta mama mzee katika nyumba ya mbao ileile iliyomlea huyo mwenye jumba, ataiandika hiyo, atashuka. Hajakosea: jumba lile halimkingi mtu mvua ya masika. Ila atakayetumia nyumba kupima utajiri wa ukoo ule atapotoka sana. Sensa ya 2022 ilihesabu na majengo, kwa hiyo pengo hilo linaweza kuzibwa.

Si kila kipimo kina kasoro. Kule Pasua na Njoro mjini Moshi, kwenye vyumba vya kupanga, choo kimoja cha uani hutumiwa na wapangaji wote. Kwa kipimo cha WHO na UNICEF hakifiki daraja la msingi hata kikisuguliwa kila asubuhi. Hapo nakubaliana na kipimo.

Mapema mwaka 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha mpango uliogharimia tafiti hizi tangu 1984. Ofisi ya Taifa ya Takwimu ikikaa kuandika dodoso lake, naiomba iongeze maswali mawili: je, paa lilivuja masika iliyopita? Je, kihamba hiki, yaani shamba la ukoo lenye makazi, kina nyumba nyingine, na nani hulala humo? Maswali ya zamani yabaki yalivyo, pamoja na kasoro zake, la sivyo hatutaweza tena kujilinganisha na majirani, wala na sisi wenyewe wa miaka iliyopita.