Qartaj: Mji Uliosimuliwa na Maadui Zake

Sifa njema zote anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu Waislamu, Qur'ani Tukufu imetuhimiza mara nyingi tutembee katika ardhi, tutazame ulivyokuwa mwisho wa waliotutangulia. Kwa nia hiyo, tulipokuwa masomoni Tunis, tulipanda treni ya pwani hadi Qartaj, mji ambao Wazungu huuita Carthage. Leo tunapenda kuwaeleza tuliyoyaona huko na mazingatio yake.

Mji huo uliasisiwa na Wafinisia, mabaharia kutoka Sur, mji uliopo Lebanon ya leo. Mapokeo ya kale yanautaja mwaka wa 814 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (a.s.). Biashara yao ilienea katika bahari ya Mediterania hata wakagongana na Warumi katika vita vitatu. Katika vita vya pili jemadari wao Hannibal aliivuka milima ya Alps pamoja na tembo wake, akaitikisa Rumi. Vita vya tatu vilikwisha mwaka 146 K.K. Baada ya kuzingirwa takriban miaka mitatu, mji ulichomwa moto, na waliosalimika wakauzwa utumwani.

Anayekwenda leo akitaraji kuuona mji wa Hannibal hushangaa, kwani mengi yaliyosimama ni ya Warumi waliokuja kuujenga upya, kama vile hamamu kubwa za Antoninus kando ya bahari. Ya Wafinisia ni machache. Juu ya kilima cha Byrsa tuliona misingi ya nyumba zao na birika za kuhifadhia maji ya mvua. Chini yake zipo bandari mbili, ya biashara na ya manowari. Hii ya pili ni ya duara, na mwanahistoria Appian ameandika kwamba ilichukua merikebu 220. Hivi leo zinaonekana kama madimbwi matulivu baina ya majumba ya watu. Asiyeelezwa hupita bila kujua.

Mahali palipotushughulisha zaidi ni uwanja wa Salammbô, uliogunduliwa mwaka 1921. Humo imepatikana mitungi yenye mifupa ya watoto wachanga iliyochomwa, pamoja na mawe yenye majina ya miungu yao, Baal Hammon na Tanit. Jina la Baal si geni kwetu; Surat As-Saaffaat inaeleza jinsi Nabii Ilyas (a.s.) alivyowakemea watu wake kwa kumwomba Baal. Waandishi wa Kigiriki na wa Kirumi walidai kuwa watu wa Qartaj wakiwatoa watoto wao kafara. Wataalamu wangali wanahitilafiana: wapo wanaosema mifupa hiyo inathibitisha madai hayo, na wapo wanaosema hao ni watoto waliokufa kwa maradhi.

Kadhalika, wengi wamefundishwa kwamba Warumi waliimwagia chumvi ardhi ya Qartaj ili isiote kitu tena. Kisa hicho hakimo katika kitabu chochote cha kale; waandishi wa zama za karibuni ndio waliokieneza.

Kwa nini watu hawa wanasemewa hivi, na wao hawajibu? Walikuwa na maktaba. Mji ulipoanguka, Warumi waliwagawia vitabu hivyo wafalme wa Kiafrika waliokuwa jirani. Wao walijiwekea kitabu cha Mago juu ya kilimo, juzuu 28, wakaamuru kifasiriwe kwa Kilatini. Nacho kimepotea, isipokuwa vipande vilivyonukuliwa na wengine. Yamebaki maandishi mafupi ya kwenye mawe, na tarehe yao tunaisoma kwa kalamu ya maadui zao.

Ndugu zetu, hapa pana mazingatio matatu.

Kwanza, uadilifu. Shirki yao hatuifichi. Lakini Surat Al-Hujurat imetuamrisha kuhakikisha habari, na Surat Al-Maida imetukataza kuiacha haki kwa sababu ya chuki. Basi tusimtuhumu hata mshirikina kwa jambo lisilothibiti.

Pili, mawe humtumikia kila ajaye. Hassan bin Nu'man aliiteka Qartaj mwaka 698, na baadaye nguzo za magofu yake zikasimamishwa katika msikiti wa Zaytuna, ambamo elimu imesomeshwa kwa karne nyingi. Nguzo zilipata kazi nyingine. Vitabu vilivyopotea havikurudi.

Tatu, nalo ndilo kubwa kwetu. Majumbani mwetu mna makaratasi ya mababu yaliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu: nasaba, mashairi, fatwa na hati za wakfu. Mchwa wanayala, na wajukuu wasioweza kuyasoma huyatupa. Siku msikiti utakapodaiwa kiwanja chake, na hati ya wakfu imekwisha kuliwa, tutasema nini? Tunaziomba kamati za misikiti ziteue mtu wa kuyaorodhesha, kuyapiga picha na kuyahifadhi mahali pakavu, kabla wazee wanaoyafahamu hawajaondoka.

Tunamwomba Allah (S.W.) atujaalie kuwa wenye kuzingatia. Amin.

Wabillahi tawfiq.