Mkutano wa Kwanza Usipokufaa, Tafuta Mwingine

Mazungumzo ya mshauri nasaha wa kujitolea, aliyewahi kuwa mraibu wa pombe, katika baraza la wananchi Port Victoria, Budalang'i



Nimepewa dakika chache, kwa hivyo sitaeleza ubaya wa chang'aa. Anayeinywa anaujua kuliko anayemhubiria. Nataka kuzungumza na yule ambaye ameshaamua kuacha, akaambiwa aende kwenye kikundi, akaenda mara moja tu na hakurudi.

Mimi nilikuwa huyo. Kikundi changu cha kwanza kilikutana Jumapili alasiri katika chumba chenye dirisha linalotazama barabara. Kila aliyepita na baiskeli aliniona. Mwenyekiti akanitaka nisimame, nitaje jina na niseme nimekunywa miaka mingapi. Nilitoka hapo nikaenda moja kwa moja mangweni, nikajiambia vikundi havisaidii mtu. Ilinichukua miaka miwili kutambua kwamba ni kile kimoja tu ambacho hakikunifaa.

Vikundi havifanani. Vingi mnavyosikia vinaitwa AA, yaani Alcoholics Anonymous. Vilianzia mji wa Akron, Marekani, mwaka 1935. Bill Wilson alikuwa safarini, biashara imemharibikia, yuko hotelini na baa iko karibu. Badala ya kuingia baa alianza kupiga simu makanisani, akitafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye. Akakutanishwa na daktari mmoja wa mji huo, Bob Smith, naye akiwa mlevi. Smith alikunywa mara ya mwisho tarehe 10 Juni 1935. Kwa hivyo kikundi cha kwanza kilikuwa watu wawili. Nawaambia hili nyinyi wa Osieko na Makunda mnaosema kwenu hakuna mkutano: wawili wanatosha kuanza.

AA haitozi ada. Haipeleki majina popote, hata kwa chifu, naye asinikasirikie kwa kusema hivyo. Kinachotakiwa ni nia ya kuacha pombe. Mungu hutajwa, lakini kila mmoja huachwa na imani yake. Kuna mikutano ya wazi, ambako hata mke au ndugu anaweza kuketi asikilize, na kuna ya faragha, ya waraibu peke yao. Uliza kabla ya kwenda. Familia nazo zina vikundi vyao, vinaitwa Al-Anon, kwa sababu mke wa mlevi huumia hata mume akiwa amelala.

Sasa tuje kwetu. Mvuvi wa omena hutoka jioni na taa zake, anarudi alfajiri, anauza, na pesa inaingia mkononi kabla ya saa tatu asubuhi. Hiyo ndiyo saa yake ya hatari. Mkutano wa saa nane mchana humkuta amelala au ameshalewa. Na mbalamwezi ikiwa kubwa, omena hazivuliwi vizuri, watu hukaa bure ufuoni siku kadhaa. Mvuvi atafute au aanzishe mkutano wa asubuhi, jirani na pale anapouzia, na siku za mbalamwezi wakutane kila siku.

Akina mama ndio nawahurumia zaidi. Mwanamume akilewa husemwa kidogo. Mwanamke akilewa huimbwa. Mama akiingia chumba chenye wanaume kumi na tano, hatasema neno. Akipata wenzake watatu wa kuaminika, hata kama watakutana kana kwamba ni chama cha kuweka akiba, hiyo ni sawa kabisa. Na yule anayepika pombe ili alipe karo naye ana haki ya kuja, ingawa wengine watamtazama vibaya.

Kama unaogopa kujulikana, panda matatu uende mkutano wa Busia mjini, au jiunge na ule wa simu. Nauli ni nafuu kuliko chupa. Nenda mara tatu nne kabla ya kuamua. Jiulize: je, nikianguka Ijumaa, nitaweza kurudi hapa Jumamosi bila kuogopa kuchekwa? Mimi hicho ndicho kipimo changu.

Jambo moja halisubiri mkutano. Kama unakunywa kila siku, na asubuhi mikono hutetemeka mpaka uonje, usiache ghafla ukiwa peke yako nyumbani. Siku mbili tatu za kwanza zinaweza kuleta kifafa, kuona vitu visivyokuwepo, hata kifo. Watu husema amerogwa. Hajarogwa, mwili unadai pombe. Nenda hospitali kwanza, hapa Port Victoria au ile ya rufaa ya kaunti, useme ukweli kuhusu kiasi unachokunywa. Kikundi kitafuata.

Usipojua pa kuanzia, piga 1192. Ni simu ya NACADA, haina malipo, usiku na mchana. Mhudumu wa afya wa kijiji chako pia anaweza kukuelekeza.

Baraza likiisha nitakuwa chini ya ule mti nyuma ya ofisi hadi saa kumi na moja. Anayeogopa kuonekana aje kama anayeniuliza bei ya samaki.