MTEJA AAMBIWE KWELI KABLA YA KULIPA
(Hotuba ya Katibu katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu, Sumbawanga)



Wenzetu wamekwisha sema juu ya maghala na magunia. Sisi tunaoandika barua za Chama twaomba kusema juu ya kitu kisichopimwa kwa mizani, nacho ni neno tunalompa mteja.

Mwezi wa Oktoba uliopita tulifuatana na wanunuzi wa maharage kutoka Dar es Salaam kwenda kutazama maporomoko ya Kalambo, mpakani mwetu na Zambia. Wageni hao walikuwa wamekwisha walipa watembezaji kabla ya kufika Ufipa, kwa kuamini tangazo lenye picha ya mto uliofurika. Waliahidiwa ngurumo, waliona utepe mwembamba wa maji ukining'inia mwambani. Mmoja wao akauliza, "Je, maji yenyewe yamehamia Zambia?" Kiongozi akanyamaza, na safari ya kurudi ikawa kimya.

Kosa halikuwa la mto. Mvua zetu huanza Novemba na kukoma Aprili. Oktoba mto gani utanguruma? Kosa ni kwamba aliyejua hakusema. Laiti angesema hivi: "Maji sasa ni haba, mkitaka ngurumo, njoni Machi. Lakini mkija sasa mtauona mwamba wenyewe, ambao maji huanguka zaidi ya mita 200 kwa mruko mmoja. Tena karibu na hapo, upande wa Zambia, pamepatikana magogo yaliyochongwa na kuunganishwa na watu yapata miaka 476,000 iliyopita, kama wataalamu walivyotangaza mwaka 2023." Huenda wengine wangeahirisha safari, lakini hakuna ambaye angerudi na kinyongo.

Ndugu wanachama, hasara ya ukimya ule ilitufikia sisi. Kesho yake wageni walipoingia ghalani waliomba kila gunia lifunguliwe. Mtu aliyedanganywa Kalambo hana sababu ya kuamini lebo ya Sumbawanga. Maharage yetu yalikuwa safi, nayo yakanunuliwa. Lakini siku nzima ilikwisha kwa kufungua na kushona magunia.

Waasisi wa ushirika kule Rochdale, Uingereza, walipofungua duka lao mwaka 1844, sifa yao ilikuwa unga usioghoshiwa na mizani isiyopunjwa. Sisi ni warithi wao. Basi mahindi yakipita unyevu wa asilimia 13.5, mnunuzi aambiwe kabla hajaleta lori. Ulezi ukiwa na mchanga, tuupepete, au tuuseme. Maharage yaliyochanganyika yaitwe mchanganyiko.

Nasi viongozi tusisahau kwamba mkulima naye ni mteja wetu. Makato na ayajue kabla gunia lake halijapanda mizani, si baada. Malipo yakichelewa, aambiwe siku ile ile, pamoja na sababu yake. Mkulima huvumilia habari mbaya. Asichokivumilia ni kuipata sokoni kutoka kwa mlanguzi.

Wahenga walinena: njia ya mwongo ni fupi. Miaka kumi tumeimaliza. Kumi ijayo itakuwa mirefu au mifupi kwa kadiri ya ukweli wa maneno yetu.

Ushirika na udumu.