Kuzuru Watoto wa Raploch, na Deni la Isukuti

(Hotuba kwa wazazi, walimu wa muziki na familia zilizo na jamaa ughaibuni)



Familia nyingi za Kakamega zina mtu wao ng'ambo. Akiwa anaishi Scotland, haimgharimu siku nyingi kufika Raploch, mtaa ulio chini ya ngome ya Stirling, ambao kwa miaka mingi ulijulikana kwa umaskini. Tangu 2008 watoto wa hapo hufundishwa fidla na ala nyingine bila malipo katika mradi uitwao Big Noise. Wazo lenyewe lilitoka Venezuela, alikoanza José Antonio Abreu mwaka 1975 na vijana wachache ndani ya gereji jijini Caracas.

Mgeni hupenda kualikwa siku ya tamasha. Mwezi Juni 2012 okestra ya Simón Bolívar, ikiongozwa na Gustavo Dudamel, ilitoka Venezuela ikapiga muziki Raploch pamoja na watoto hao, nje, mvua ikiwanyeshea. Hiyo ni siku moja. Anayetaka jambo la kuleta nyumbani aombe ruhusa aende siku ya kawaida, baada ya masomo, simu ikiwa mfukoni, maana picha ya mtoto wa mwenyewe haipigwi bila idhini ya mzazi. Akae nyuma, asikilize mtoto akirudia pale pale alipokosea, na amtazame mwalimu anayerudi wiki baada ya wiki.

Hata kule mwalimu huyo hana uhakika. Mwaka 2023 halmashauri ya jiji la Aberdeen, kwenye tawi la Torry, iliondoa fedha za mradi katika bajeti yake, mpaka serikali ya Scotland ikaingilia kati. Na hiyo ni nchi yenye mfuko mnene.

Kakamega ina hazina yake na haihitaji kununua fidla. Isukuti ya Waisukha na Waidakho, yaani Shinyalu na Ikolomani, iliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe ya swara na njuga: hivyo ndivyo vifaa vyake. Wanaopungua ni watu. Wengi wanaoijua vizuri ni wazee, na warithi ni wachache. Shuleni huchezwa kwa bidii msimu wa mashindano. Kombe likishatolewa, ngoma hufungiwa stoo. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeweka shughuli za utamaduni mikononi mwa kaunti, kwa hivyo lawama hii haiwezi kupakiwa kwenye basi la Nairobi.

Basi mwenye jamaa Scotland amwagize aende, na akifika aulize: mwalimu hulipwa na nani, na je, hulipwa kila mwezi? Ala zikiharibika, nani hutengeneza? Mtoto akikosa kuja siku mbili, ni nani huenda kubisha hodi kwao?

Majibu yaletwe kwenye kikao cha wananchi cha bajeti katika wadi. Mzee mpiga ngoma aalikwe kikao hicho hicho, akae mbele, na aulizwe angehitaji nauli kiasi gani kufundisha kila Jumamosi.