Presha Haiumi

Wasikilizaji wetu, matangazo mmeyasikia wiki nzima. Oktoba 29 ilikuwa Siku ya Kiharusi Duniani, na kama kawaida tukaambiwa tubadili mtindo wa maisha: chumvi tupunguze, mazoezi tufanye, sigara na pombe tuache. Ni kweli tupu, hatuna la kupinga. Linalotutia wasiwasi sisi ni jingine: mtu wa Mbweni, hapa Dar es Salaam, presha atapimiwa wapi, na saa ngapi?

Maana presha haiumi. Mtu anaishi nayo miaka, anachapa kazi, anacheza na wanawe, hadi siku mdomo unapopinda na mkono ukakataa kushika kikombe. Na presha ya kupanda ndiyo kinara wa visababishi vya kiharusi.

Mfuateni mkazi wetu wa huku. Saa kumi na moja alfajiri yuko kituoni. Anabadilisha gari Tegeta, anabadilisha tena Mwenge, kutwa kakaa: kiti cha daladala, kiti cha dukani Kariakoo, tena kiti cha daladala. Akirudi saa tatu usiku, nguvu ya kuchambua mchicha anaitoa wapi? Anasimama kwenye banda la chipsi. Juzi tumemwona mmoja. Hajaonja hata kipande, katikisa chumvi mara nne, kamimina tomato, kisha katikisa tena. Shirika la Afya Duniani linasema chumvi ya mtu mzima kwa siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai. Huyu ndiye wa kuambiwa afanye mazoezi. Kliniki ikifunguliwa yuko Kariakoo, ikifungwa yuko kwenye foleni. Atapimiwa wapi?

Na wenye mageti msijitoe. Gari mlangoni, gari ofisini, bima mfukoni, na presha hamjapima mwaka wa tatu huu. Presha haiangalii ukuta wa nyumba.

Jiji hili lina deni lake. Watafiti walihesabu viharusi Dar es Salaam na wilayani Hai, Kilimanjaro, kati ya 2003 na 2006. Umri ukishasawazishwa, Hai ilikuwa na wagonjwa wapya kama 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Dar es Salaam 316. Nchi moja, karibu mara tatu! Watafiti pia walikuta kwamba hapa jijini wengi waliamini kiharusi ni kazi ya mapepo, wakaanzia kwa mganga. Mpaka leo tunayasikia: kapitiwa na jini, kapigwa na upepo. Huku nyuma saa zinakwenda. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ina muda wake, saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na haitolewi mpaka kichwa kipigwe picha. Kutoka Mbweni, na foleni ya Barabara ya Bagamoyo, hizo saa ni chache mno.

Basi tunasema wazi. Wenyeviti wa serikali za mitaa, kipimo kifuate watu! Kiwekwe kituoni alfajiri, kiwekwe sokoni Jumapili, kiwekwe msikitini na kanisani ibada ikiisha. Mashine ya kupimia presha inaenea kwenye kikapu, na kazi yake ni dakika chache. Tumelisema mwaka jana, tunalisema leo, na tutalisema tena.

Na wewe mama lishe, wewe bodaboda, wewe mlinzi unayekesha getini, usingoje kuumwa. Kapime! Ukikuta namba ya juu imefika 140, rudia siku nyingine, ikibaki hapo muone daktari. Ukipewa dawa, usiiache kwa kuwa unajisikia mzima. Na ukimwona mwenzio uso umepinda, mkono umelegea, maneno hayaeleweki, tafuteni gari saa hiyohiyo, mpelekeni hospitali.